Debe la Julai

Kila Julai nanunua avokado kumi na mbili ngumu kama mawe na kuzizika ndani ya mahindi. Debe lenyewe ni lile la bati la lita 20, zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia, na mahindi ni ya nyumbani, Webuye. Natoa gorogoro tano kwanza, napanga avokado chini, vikonyo vikitazama juu, kisha narudisha mahindi kidogo kidogo mpaka zipotee. Punje zikiteleza katikati ya matunda hutoa sauti kama ya mvua inayoanza kwenye mabati ya jirani. Halafu nafunga kifuniko, naweka jiwe juu, na kazi inayobaki ni kungoja.

Hapa Nakuru tunangoja sana. Binamu yangu wa Kisumu akiweka avokado zake kwenye kapu chini ya meza Jumatatu, Ijumaa anakula. Mimi nimewahi kungoja siku kumi na nne. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na joto lake halina habari na kalenda. Sisi tuko karibu mita 1,850, na alfajiri ya Julai baridi huteremka hadi karibu nyuzi 10. Binamu hunipigia simu akaniuliza kama kweli watu wa huku hulala na soksi. Ndiyo, tunalala na soksi, na sweta juu, na mtoto katikati.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba sisi wa ikweta hatuna majira, tuna mvua na jua basi. Maneno hayo huniuma, kwa sababu yanafuta vitu ambavyo bibi zetu walivijua kwa majina. Kiswahili chenyewe kina neno kipupwe, majira ya baridi yanayofuata masika, wakati kusi inavuma. Majirani zangu Wakikuyu wa upande wa Bahati huita kipindi hiki gathano, nacho huja nyuma ya mvua ndefu, mvua za njahi. Tazama walivyoipa mvua jina la chakula: njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni, na mvua fupi nazo zikaitwa za mwere, yaani mawele. Mtu akikutajia msimu amekutajia na sufuria. Watu wasiokuwa na majira hawatungi kalenda ya namna hiyo.

Na baridi hii ina sababu zake. Mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi na jua kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, kama kilomita milioni 152, lakini si umbali huo unaotutetemesha, kwani wakati uo huo watu wa Ulaya wanatokwa na jasho. Kinachotutetemesha ni upepo. Upande wa kusini wa dunia uko kwenye baridi yake kamili, na hewa inayotoka huko inapanda hadi kwetu pamoja na mawingu mazito ya chini, yanayokaa juu ya mji asubuhi nzima kama kifuniko cha sufuria. Jua lipo, limezuiliwa tu. Unaanika nguo Jumatatu, unazianua Jumatano zikiwa na harufu ya ubichi.

Siku kama hizo nilikuwa nikipelekwa na baba ukingoni mwa Menengai. Ni shimo kubwa la volkano juu ya mji, upana wake karibu kilomita 12, na kilele chake kimefika mita 2,278. Julai asubuhi ndiyo saa yake. Mvuke unaotoka chini kwenye nyufa za miamba haupotei upesi kama wakati wa jua. Hewa ya baridi inaukamata na kuugeuza moshi mweupe, na kila ufa unaonekana unapumua. Baba alitueleza kwamba Wamaasai walipigana hapa wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19, Wapurko na Walaikipia, na walioshindwa wakatupwa humo. Mvuke ule ni roho zao zikijaribu kupanda kutoka. Jina lenyewe, watu husema, lina maana ya mahali pa maiti, na Wakikuyu nao wakapaita kilima cha mashetani, Kirima kia Ngoma. Siku hizi kuna mabomba na visima vya kuchimba umeme wa mvuke huohuo. Mimi sioni kama visima vimeiua hadithi. Nilisimama pale mwaka jana na binti yangu wa miaka saba, akatazama mvuke kwa muda, akauliza, "Wanasikia baridi?" Nikamwambia sijui, tukashuka.

Lakini nilikuwa kwenye matunda.

Sokoni Julai hakuna maembe ya maana. Yaliyopo yametoka mbali na bei yake ni ya kuuma. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Novemba hivi kuendelea hadi Machi. Plamu za Molo nazo ni za Krismasi na Januari. Kinachojaa meza ni machungwa, mengi ya Tanzania, ya Muheza na pande za Tanga, yenye ganda la kijani kibichi. Kuna wateja wanaoyakataa wakidhani ni mabichi. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili kijani cha ganda kivunjike na rangi ya dhahabu ijitokeze, na kule pwani usiku ni wa joto, kwa hiyo linaiva ndani likiwa bado kijani nje. Huwa nawaambia wenzangu wachukue lile zito mkononi na kuachana na rangi. Kuna pasheni pia, kuna matunda damu mekundu yanayochubua ulimi, kuna ndizi, ambazo hazina mwezi.

Halafu kuna mapera, na hapo nakaa.

Mapera ya Julai hayaji Nakuru kwa lori lenye turubai na karatasi za kupokelea. Yanakuja kwa ndoo, chini ya kiti cha matatu, yakitoka Bungoma, Kakamega, Vihiga. Hakuna aliyeyapanda. Mpera kule kwetu ni mti wa ndege: ndege anakula, anaruka, anaziacha mbegu kwenye mpaka wa shamba, na baada ya miaka michache watu wawili wanaogombania mpaka wanakuta mti tayari umesimama katikati yao unazaa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini mwambie mtoto wa Webuye kwamba mpera ni mgeni uone atakavyokutazama. Ukikata moja katikati hujui utakuta nyeupe au ya waridi mpaka kisu kipite. Sisi tulikuwa tukicheza kamari kwa hilo, aliyekosea anampa mwenzake nusu yake.

Mama anayeniuzia hukaa pembeni mwa soko, leso begani, jiko la makaa katikati ya miguu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, mama. Ya leo ni ya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya Chwele. Nusa."

Hasemi onja, anasema nusa. Pera lililoiva linajitangaza kabla hujalifikia. Ananichagulia mwenyewe, anabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, lile lenye kovu la ndege analiweka upande wangu bila kunihesabia. "Ndege hali vibaya," aliniambia siku ya kwanza, na tangu hapo nimekuwa nikiyatafuta yenye makovu. Anazo hoja zake: dawa ya mafua ya Julai ni pera, si chungwa. Nilipofika nyumbani nikatafuta, na mama wa watu ana haki. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na chungwa lina kama 50. Majani yake tulichemshiwa tumbo likiharibika, na sijui nyumba yoyote ya magharibi ambayo haikufanya hivyo.

Bibi yangu, kukhu, alikuwa na mipera mitatu na mwavokado mmoja mkubwa nyuma ya jikoni. Tulikuwa tukifika kwake shule zikifungwa, mwisho wa Julai au siku za kwanza za Agosti, mimi na ndugu zangu wawili, tukitoka Nakuru na viatu ambavyo alituamuru tuvivue mlangoni na hatukuvaa tena mpaka siku ya kurudi. Sheria zake za matunda zilikuwa chache na hazikujadiliwa. Hakuna kuonyesha tunda changa kwa kidole. Ukitaka kulionyesha unakunja kidole, au unatumia ngumi. Ukilinyooshea kidole litakauka na kuanguka, hasa boga. Hakuna kupanda mpera baada ya jua kuchwa. Na hakuna kusimulia hadithi mchana, kwa maana anayesimulia mchana huota pembe. Nilikuwa najishika kichwa asubuhi kila nilipokuwa nimeanza kumkumbusha dada yangu hadithi ya jana yake.

Kila mwaka wa pili kulikuwa na sauti. Wabukusu hutahiri wavulana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, 2022, 2024, 2026, na kuanzia Julai wale wanaojiandaa hutembea kwa jamaa zao wakiwaalika. Mvulana hushika chinyimba, njuga za chuma, moja kila mkono, na kuzipiga kwenye pete nzito alizovaa kwenye vifundo. Si mlio wa kengele ya kanisa. Ni mkavu, una haraka, unapiga na kukata, na ukitoka bonde la pili unaufikia kabla ya kuona mtu. Kukhu alikuwa akiusikia anasimamisha kisu. "Huyo ni wa upande wa mto," anasema. "Hajajua bado. Anachoka mkono wa kushoto." Wiki mbili baadaye angesema, "Sasa amejua," na hata sisi tulikuwa tumesikia tofauti.

Mvulana huyo anakwenda mpaka kwa mjomba wake, ndugu ya mama, na huko anapewa nyama ya kuvaa shingoni na maneno makali ya kumpima moyo, pengine na kofi. Alfajiri ya siku yenyewe anapelekwa mtoni. Nimesimama kando ya barabara hiyo nikiwa mtoto, nimefunikwa blanketi na kukhu, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Wanarudi wakiimba, na katikati yao yeye, amepakwa matope ya mto kuanzia kichwani, nyasi imesimamishwa utosini, haonekani ngozi. Maji ya alfajiri ya Agosti kule chini ya Mlima Elgon ni ya kuumiza mifupa. Wazee husema baridi ile nayo ni sehemu ya kazi: maji na matope yanautia mwili ganzi kidogo kabla ya kisu. Anasimama wima, haruhusiwi kupepesa jicho. Yaliyobaki si ya kusimuliwa na mimi.

Jioni yake kukhu alitusimulia ilikoanzia. Moto ulikuwa wa mawe matatu, kuni za mpera, ambazo hutoa makaa mazuri na moshi kidogo, na sisi tuko kwenye mkeka tumebanana. Zamani, alisema, kulikuwa na nyoka mkubwa, Khururwe Yabebe, akiishi kwenye pango la Mwiala. Alikula ng'ombe, akala mbuzi, akaanza kula watu, na siku moja akamwua mtoto wa mwanamume mmoja aliyeitwa Mango. Mango hakulia mbele za watu. Alinoa upanga. Majirani zetu, wale waliokuwa wakitahiri, wakamcheka wakasema nyoka huyu amewashinda wanaume waliokamilika, wewe ni mvulana, utamfanya nini?

Mango akachunguza. Akajua nyoka hutoka mchana kwenda kuwinda na kurudi jioni. Akaingia pangoni nyoka akiwa hayupo, akajificha gizani, akaweka gogo mlangoni. Kukhu hapa alikuwa akinyamaza kabisa, anapiga kijiti kwenye jiwe la moto, tik, tik, na sisi hatupumui. Nyoka akarudi. Akasikia harufu ya mtu. Akaweka kichwa chake juu ya gogo kutazama ndani, na Mango akapiga mara moja. Kichwa kikaruka nje, kikateremka mlima, kikauma mti uliokuwa pale chini, na mti ule majani yake yakanyauka yote siku hiyo hiyo. Mango akatoka. Watu wakamwambia, sasa hatukuiti mvulana. Akatahiriwa, na ndipo Wabukusu wakaichukua desturi ile.

Nilikuwa na miaka minane. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba embe kwa Kiingereza ni mango, na mimi kichwani mwangu nikaunganisha. Nikamwuliza kukhu: ndiyo maana Julai hakuna maembe? Kwa kuwa Mango amejificha pangoni? Dada yangu akanicheka. Kukhu hakucheka. Alifikiri, akasukuma kuni ndani, akasema, "Na wavulana hawa waliokatwa sasa, wakitoka nje ya kibanda chao, ni mwezi gani?" Nikasema Desemba. "Na maembe yanaanza lini kuanguka pale kwa jirani?" Nikasema Desemba. "Basi," akasema, "umeona mwenyewe."

Nimekuwa mtu mzima na najua majina mawili kufanana si ushahidi wa kitu. Hata hivyo tangu usiku ule sijala embe la kwanza la Desemba bila kuwaona vijana wakitoka wakiwa wamevaa nguo mpya, wanatembea polepole, na mama zao wamesimama njiani.

Nakuru tulikuwa na msimulizi mwingine. Jirani yetu alitoka Kendu Bay, watu wazima walimwita Nyar Kendu, sisi watoto tulimwita dani, yaani bibi, kwa kuwa ndivyo wajukuu zake walivyomwita. Umeme ulikuwa ukipotea mara nyingi Julai, mvua ya alasiri ikishapiga, na ukipotea mama alikuwa akitutuma kwake, kwa maana jiko lake la makaa lilikuwa kubwa na mlango wake haufungwi. (Ule mlango kutofungwa ulikuwa na faida ambayo sikuijua: makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi kuna familia inayolala isiamke. Tafadhali, mwenye jiko, acha dirisha wazi hata kama unatetemeka.) Alituambia kwamba kwao watoto walilala kwenye nyumba ya bibi, siwindhe, na huko ndiko walikofundishwa kila kitu kwa hadithi. "Leo hapa ndipo siwindhe," alisema, na tukakaa juu ya kitanda chake sita kwa pamoja.

Hadithi yake ya baridi ilikuwa ya Simbi. Kijijini kulikuwa na sherehe, pombe na ngoma, usiku wa mvua. Akaja bibi kizee, ameloa, anatetemeka, akaomba tu mahali pa kuota moto. Wakamfukuza. Nyumba ya pili wakamfukuza. Mwanamke mmoja ambaye hakuwa kwenye ngoma, amekaa na mtoto wake, akamwingiza, akampa nguo kavu, akampa chakula, akamsogeza motoni. Yule kizee alipopata joto akamwambia: mchukue mume wako na mtoto wako, tokeni kijijini usiku huu, msigeuke. Mwanamke akakimbia kumwita mume. Mume yuko kwenye chungu cha pombe na wenzake, akakataa. Akatoka na mtoto peke yake. Nyuma yake mvua ikashuka kwa namna ambayo haijawahi kuonekana, ardhi ikafunguka, na kijiji chote, ngoma, vyungu, mbwa, kikazama. Asubuhi palikuwa na ziwa. Ndilo Simbi Nyaima, Simbi iliyozama, liko mpaka leo karibu na Kendu Bay, maji yake ni ya chumvi na magadi, hakuna anayeyanywa, na heroe wa waridi huja kutembea ukingoni kama wanavyokuja kwetu Ziwa Nakuru.

"Thu tinda!" angemaliza, ndivyo Wajaluo wanavyofunga hadithi, na papo hapo anafunua sufuria. Chai ilikuwa ya tangawizi na nduma zimekatwa vipande vinene, zambarau kidogo ndani, zinashikana na meno. Hakuna mtoto aliyewahi kutoka pale bila kula. Alikuwa amesimulia hadithi ya watu walionyima mgeni moto, na asingeweza kuimaliza na kutufukuza na njaa. Alikuwa mjane, biashara yake ni omena, na sisi tulikuwa sita.

Mwaka jana nilitapeliwa. Kijana mmoja mwenye mkokoteni alipita mtaani na avokado kubwa, za kung'aa, kwa nusu ya bei. Nikanunua ishirini badala ya kumi na mbili. Nikazizika. Baada ya wiki mbili nikafunua: ngumu. Wiki tatu: zimekunjamana kama sikio la mbuzi mzee, ukizikata zinavuta kama mpira, na ladha yake ni ya maji na uchungu. Zilikuwa zimechumwa changa. Nikampigia mama simu nikalalamika, naye akaniuliza swali moja tu: "Ulikata moja ukaangalia koti la kokwa?" Sikuwa nimeangalia. Avokado iliyokomaa, ngozi inayofunika kokwa lake huwa nyembamba na ya kahawia. Ikiwa changa ngozi hiyo ni nene na nyeupe, na hata uizike mwaka mzima haitaiva. Alinifundisha hayo nikiwa mdogo nikasahau, kwa sababu za kukhu hazikuwahi kuhitaji kukaguliwa. Yeye alizichuma mwenyewe, moja moja, kwa upondo wenye kikapu cha kamba, na akaacha kikonyo kifupi kwenye kila moja ili isianze kuoza kutoka juu.

Ajabu ya tunda hili ni kwamba haliivi mtini. Litaning'inia pale miezi, limekomaa, limejaa mafuta, na halitalainika mpaka litengwe na tawi. Ndipo linaanza kutoa ile hewa yake ya kuivisha, na mahindi yanaishika hewa ile isiondoke, yanalikinga pia na baridi ya usiku. Kukhu hakuyajua maneno ya maabara, alisema tu, "Linataka giza na wenzake." Kule kwao asili, Mexico na Amerika ya Kati, lilijuana na baridi tangu zamani. Aina ya Fuerte, ile ya kijani yenye shingo ambayo wakulima wengi wa hapa wanayo, ilipata jina lake California baada ya jalidi kubwa ya mwaka 1913: miti mingine ilikufa, huo ukabaki, wakauita Fuerte, maana yake kwa Kihispania ni mwenye nguvu. Hass, ile nyeusi inayosafirishwa nje, ilitokana na mbegu ya mpeleka barua mmoja wa California aliyeisajili mwaka 1935. Ule mti wa kukhu haukuwa Fuerte wala Hass. Ulikuwa wa kienyeji, matunda yake marefu kama chupa, ngozi laini inayochunika kwa kucha, na nyama yake ilikuwa ya manjano kama siagi ya kupikia.

Ulianguka mwaka aliofariki. Siongezi kitu hapo. Upepo uliangusha miti mingi mwaka ule.

Mama ndiye anayekaa kule sasa. Amepanda mche mwingine mahali palepale, kutokana na kokwa la mti wa jirani ambao nao ulitokana na kokwa la mti wa kukhu, na mwaka huu umetoa matunda tisa. Tisa yote aliyahesabu kwa ngumi. Ameniletea manne kwa mtu anayekuja Nakuru kwa gari la matatu, yamefungwa kwenye gazeti, na mahindi ya kuongeza debe. Nimeyaweka katikati ya yale manane ya sokoni, ambayo safari hii nilikata moja kwanza mbele ya muuzaji na kuitazama ngozi ya kokwa, ya kahawia, nyembamba kama karatasi ya kitunguu.

Jana jioni mvua ilinyesha, mawingu yakashuka, tukawasha jiko na kufungua dirisha. Binti yangu alikuwa amejifunga blanketi, anataka hadithi. Nilikuwa nimefika pale Mango anapoweka gogo mlangoni mwa pango, na mimi pia nimekuwa nikipiga kijiti, tik, tik, simu ikalia. Ni mama. Badala ya kunisalimu alisema, "Ngoja," akatoka nje na simu mkononi. Nikasikia nyayo zake kwenye majani, kisha upepo, kisha, mbali, ule mlio mkavu unaopiga na kukata. Nikamwekea binti yangu simu sikioni.

Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akamwambia bibi yake, "Kukhu, huyo anachoka mkono wa kushoto."

Sikuwa nimemfundisha. Mama alinyamaza muda mrefu upande wa pili, nikasikia akivuta pumzi.

"Avokado zimeiva?" akaniuliza.

"Bado. Labda Jumatano."

"Usifunue funue," akasema. "Baridi inaingia."